Kamba ya Pili

Kariakoo, Jumapili

Kaka Ansbert,

Shikamoo. Huku Bongo joto ni kali, ila mimi ni mzima. Kitenge cha mama nimeshampa kondakta wa basi la Rombo.

Juzi niliitwa Mtaa wa Msimbazi kupunguza mwarobaini ulioegemea bati la duka la vitambaa la Mama Sarla. Aliponiona natoa kamba mbili akakunja uso.

"Binti, moja inatosha. Unanichelewesha, wateja wanapita."

"Mama, bila kamba mbili sipandi. Bora utafute fundi mwingine."

Akasogea pembeni, nikapanda. Kule juu tawi lilipokatika lilinisukuma, msumeno wa chenso ukagusa kamba niliyoning'inia kwayo. Ilikatika kama uzi. Nikaporomoka kiasi cha mkono mmoja, kisha ile ya pili, niliyoizungushia shina, ikanidaka. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu najua siku ile wewe ulikuwa na moja tu.

Nilishuka, nikafunga kamba mpya, nikapanda tena mpaka nikamaliza. Bati halikupata hata mkwaruzo.

Mama Sarla alinipa maji ya baridi, akauliza nani alinifundisha kazi. Wapagazi walikuwa wamejaa barabarani wakinitazama, basi nikajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Kaka yangu Ansbert, wa Rombo. Tangu aanguke hapandi tena, lakini kila fundo ninalofunga ni lake."

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Nice