Supu ya Kamba Uliyojifunza Bangkok

Baba yangu,

Assalamu alaikum huko ulikotangulia. Nakuandikia kukupa habari za Mama, maana najua ungeanza kwa kumuuliza yeye.

Ametoka eda wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani na tasbihi yake, na sahani tulizompelekea zikirudi jikoni karibu kama zilivyokwenda. Wali wa nazi, harisi, hata mkate wa kumimina. Anakula vijiko viwili, anasema alhamdulillahi, nimeshiba. Nguo zinampwaya. Daktari wake wa moyo ametuonya kwamba dawa zile hazitaki tumbo tupu.

Nikaikumbuka safari yenu ya Bangkok. Mlikwenda kwa ajili ya moyo wake, na sisi hapa nyumbani Khuwair tukiogopa kuwa yeye ndiye ambaye hatorudi. Ulipanga chumba karibu na hospitali, na mwenye nyumba, bibi wa Kithai, akakufundisha kwa ishara za mikono supu yao ya kamba, tom yam, yenye uchachu wa ndimu na pilipili. Ndicho chakula cha kwanza alichokimaliza Mama baada ya kupasuliwa. Ukarudi naye mzima, na kila Ijumaa ukawa unaipika mwenyewe, kikoi kiunoni, hutaki mtu jikoni. Mara moja tu uliniita nije nijifunze. Nikasema wiki ijayo, Baba. Nilikuwa kwenye simu.

Na wewe, ambaye hata kichwa hukuwa ukiumwa, ukalala usiamke. Basi.

Jana nikajaribu. Kamba nilinunua soko la samaki la Mutrah asubuhi. Nikapita Ruwi, kwenye duka la Wafilipino, nikapata majani ya ndimu ya Kithai na ule mzizi unaofanana na tangawizi. Mchaichai nilikata hapa uani. Nikachemsha vichwa na maganda ya kamba kwanza, kwa sababu harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitufikia sebuleni. Nikatia mchaichai niliouponda, mzizi, majani, uyoga, pilipili. Kisha nikaharibu. Nikawatia kamba nikawasahau mpaka wakakakamaa, na ndimu nikaikamua sufuria ikitokota. Nilipoonja, supu ilikuwa chungu. Nikakaa kwenye kiti nikalia. Siku ya maziko sikulia, Baba, watu walikuwa wengi na chai ilikuwa haitoshi. Jana nililia kwa ajili ya supu.

Mama akaingia. Tangu ufe hajakanyaga jikoni. Akachukua kijiko akaonja.

"Hii siyo," akasema.

Nikamwambia najua, nitaimwaga.

"Ya kwanza ya baba yako ilikuwa mbaya kuliko hii. Nliila kwa sababu alisimama mlangoni ananitazama, macho mekundu. Alikuwa akilia huko nje, akidhani mimi sijui. Nkajisemea, huyu mtu nnamwachaje peke yake?"

Hukutuambia hayo. Ulipopiga simu kutoka kule ulikuwa ukisema kila kitu kizuri tu.

Akanipa kisu nikate ndimu nyingine. Kamba niliokuwa nimewabakisha akawamenya yeye, polepole. Tulianza upya. Akanionesha kwamba kamba wanaingia mwisho, wakigeuka rangi tu moto unazimwa, na ndimu inakamuliwa baada ya hapo. Alisema wewe ulikuwa ukiizidisha ndimu miaka yote na hakuwahi kukwambia.

Amekula bakuli zima, Baba, na wali. Akaongeza nusu. Huku anakula akawa anasimulia namna ulivyopotea sokoni Bangkok na mfuko wa uyoga, na askari waliokurudisha. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakutaja kwa jina lako, jina ambalo sijapata kumsikia akilitamka mbele yetu. Nikamjazia maji.

Leo asubuhi ameomba mkate na yai.

Siwezi kukwambia kwamba amepoa. Hajapoa, wala mimi. Lakini ninakuahidi kuwa mezani hatokaa peke yake maadamu mimi nipo hai. Hilo niachie, usiwe na wasiwasi nalo. Pumzika, Baba. Mola akupanulie kaburi lako, alitie nuru.

Mwanao,
Zuwena