Shina la mti gani?

Shosti, ndiyo tunatoka na mama kwa yule daktari wake wa magoti.

Si aliahidi seli shina? Zile za uboho wa mtu mwenyewe, wanazojaribu nazo kuotesha upya gegedu lililolika gotini? Basi jamaa kafungua friji, katoa bomba la sindano lililolala kando ya samaki wake wa jana. SAMAKI, shosti! Linanuka shombo!

Nikamuuliza, "Hizo seli umezitoa wapi? Mbona mama hajatolewa uboho?"

Akacheka. "Uboho wa nini, dada? Jina lenyewe linajieleza. Seli shina. Tunakamua shina la mti."

SHINA LA MTI! Kwa macho makavu! Na mama keshapandisha gauni, goti liko nje!

Nikaisukuma ile sindano, nikamvuta mama mkono. Mlangoni nikamwambia, "Mungu katuokoa, mama. Uchafu ule ungeingia mwilini mwako."

Akanong'ona, "Mwanangu, goti la kushoto alishanichoma wiki iliyopita. Nilikuja na shangazi yako."

Nimeligusa. Linawaka moto.

Tunakimbilia hospitali. Mkono wangu bado unanuka samaki.