Pazia la Chumba cha Cherehani

Kwa Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba zamu za usiku pale hospitalini zimepungua. Sisi huku afya tunayo. Mdogo wetu Kifungo ameng'oka jino la mbele na anajifunza kupiga mluzi kwenye pengo. Mimi nasoma kwa bidii, ingawa siku hizi naamka nimechoka.

Uliniuliza kesi ya talaka imefikia wapi. Baba na Mama bado wanaishi nyumba moja na kufanya kazi chumba kile kile. Wakili wa Mama alimkataza kuhama au kuruhusu chochote kiuzwe kabla ya hukumu, na Baba akaambiwa vivyo hivyo na wakili wake. Basi wametundika pazia katikati: meza ya Baba ya kukatia huku, cherehani ya Mama kule, na mpita katikati ni mimi. Baba husema nimwambie mama yangu kola ziko tayari. Mama hujibu nimwambie baba yangu kwamba yeye si kiziwi, amesikia.

Nyumba imeandikwa jina la Baba peke yake, na Mama alidhani hana chake. Wakili alimweleza kwamba miaka yote aliyoshona ni mchango, na mahakama huuangalia. Baba aliposikia hata vifaa vitagawanywa, alisema basi hata mkasi wauvunje, kila mtu aondoke na upande mmoja. Mama akasema nyuma ya pazia kwamba Baba achukue ule butu, wanafanana.

Wiki iliyopita walipata kazi ya suruali za sare. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimtajia Baba kwa sauti, kulia, kushoto, kulia, huku Baba akikata. Safari hii Mama alinyamaza, na Baba akakata kitambaa chote miguu ya kushoto. Mama alipofungua furushi alicheka, Baba naye akacheka upande wake. Nilisimama pale nikidhani pazia litashuka. Kisha Baba akanituma nimwambie mama yangu kwamba hasara ni ya wote wawili.

Kinachoninyima usingizi ni sisi watoto. Wamekaribia kukubaliana Kifungo aende na Mama kwa sababu ni mdogo, mimi nibaki na Baba kwa sababu ya shule. Afisa wa ustawi wa jamii alisema kinachotangulia ni manufaa ya mtoto, na wote wawili watachangia matunzo popote tutakapokaa. Lakini Kifungo ameanza kulala ameshika mkono wa gauni langu.

Jana hakimu aliniita ofisini kwake, bila wazazi wala mawakili. Aliniuliza kwa upole ningependa kuishi na nani. Nilimjibu kwamba nawapenda wote, na nimechoka kubeba maneno yao. Nilisema naomba tusitenganishwe na Kifungo, na kama hapa haiwezekani, tukae kwako mpaka nimalize shule.

Hakimu aliweka kalamu chini, akauliza kama wewe unajua jambo hili. Dada, nilisema unajua.

Ndiyo sababu ya barua hii. Afisa wa ustawi atakupigia simu wiki ijayo, na nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Najua una chumba kimoja na kazi yako ni nzito. Mimi nitalala chini, nitapika, na nitampeleka Kifungo shule. Ukiona huwezi, mwambie afisa ukweli, kwamba hukuwa na habari, nami sitakuwa na kinyongo. Ila kama unaweza, hata kidogo, naomba ukipokea simu umwambie kwamba unatungoja.

Baba na Mama wanakusalimu, kila mmoja kwa wakati wake. Wape salamu wauguzi wenzako, nawe ujitunze.

Mdogo wako akupendaye,
Wa Katikati