Isihaka Mhina, Uliyelala Karonga

Mwaka umetimia leo, Baba Husna, tangu tulipokulaza Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, mbali na Kabuku ulikozaliwa na mbali na Old Korogwe tulikojenga. Ninayeandika ni mimi mkeo, Hamisa, kwa niaba ya wote. Nimechoka, kwa hiyo utanisamehe nikienda polepole.

Wengi walikujua kama dereva wa trekta kwenye mashamba ya mkonge kule Mazinde, kazi uliyoifanya miaka ishirini na sita kabla ya kurudi kwenye michungwa yako. Mikono yako haikujua kukaa. Ukikuta bomba linavuja kwa watu, hata msibani, ulikuwa unaomba spana.

Safari zetu ulizianzisha wewe. Siku moja ulinifuata shuleni kunipa ufunguo wa nyumba, ukanikuta darasa la tano nachora Ziwa Nyasa ubaoni. Ukasubiri mlangoni mpaka nikamaliza. Njiani ukaniuliza kama nimewahi kuliona. Nikakwambia sijaona hata moja kati ya mambo ninayoyafundisha. Jumamosi ukarudi kutoka sokoni na mashanta mawili ya mtumba, moja zima na moja lenye zipu mbovu. Hilo bovu ukalichukua wewe.

Kuanzia hapo, kila Desemba shule zikifungwa, tulibeba mashanta yetu mgongoni tukaenda. Tulianza na Mombasa kwa kuwa ni karibu. Mwaka uliofuata tukaenda Jinja kuona Nile inapoanzia. Kisha Kigali. Kisha Livingstone, na mwaka huo maporomoko yalikuwa na maji kidogo. Mimi nilitaka kulia. Wewe ulikaa juu ya jiwe ukala ndizi, ukasema yatajaa siku nyingine, kwani sisi si wa kwanza kuyatazama wala hatutakuwa wa mwisho. Katika kila basi kiti cha dirishani ulinipa mimi. Nikisinzia, ulinigusa bega tukipita mto, uniambie jina lake kabla sijakuuliza.

Watu walisema. Watu wazima wenye wajukuu, wanatembea na mashanta kama askari. Wengine walisema tunatafuta mganga. Aliyeumia zaidi alikuwa kaka yako Mustapha, kwa sababu Desemba mahindi ya vuli yanataka mtu shambani, na wewe ndiyo kwanza unaondoka. Alikuja nyumbani akakusema kwa saa nzima. Ulimtengea chai, ukamsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake ukaenda Kabuku ukampalilia shamba lake lote, ndipo tukasafiri.

Ziwa Nyasa tuliliacha la mwisho. Ulitaka tulione kutoka upande wa pili, ule ambao kwenye ramani yangu ya ubaoni haukuwa na kitu.

Tulifika Karonga tarehe ishirini na nne, tukapanga kwa Jacob, mwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa, anayejua Kiswahili kwa sababu ya kwenda Kyela kununua mchele. Kesho yake ulikuwa umeshaifungua pampu yake ya maji na kuifunga tena ikiwa inafanya kazi. Tarehe ishirini na sita tulitembea ufukweni tangu asubuhi. Ulisema umechoka. Na mimi nilikuwa nimechoka, miguu inaniuma, kwa hiyo sikukuuliza zaidi. Jambo hilo limenisumbua mwaka mzima.

Tulirudi alasiri. Ukakaa kwenye ngazi ya mlango, ukasema, "Mama Husna, nifungulie viatu."

Hukuwahi kuniomba hivyo katika miaka yote ya ndoa yetu. Nikapiga magoti, nikakivua cha kulia. Nilipoinua macho kabla ya kushika cha kushoto, ulikuwa umeegemea ukuta, na ulikuwa umeshakwenda. Jacob alimleta tabibu, naye akasema ni moyo.

Nikampigia simu Mustapha. Akaniambia, "Msimzike. Tunakuja kumchukua."

Toka Kabuku mpaka pale ni siku mbili za barabara, na kurudi ni siku mbili nyingine. Joto la Desemba unalijua. Niliambiwa vibali vya kuvusha maiti vitachukua siku kadhaa kwa kuwa ni sikukuu. Mzee Adamu, anayeswalisha kwenye msikiti mdogo wa pale, alikaa nami kibarazani akaniambia kwa upole kwamba uamuzi ni wangu, na wao watafanya nitakalosema. Sikuwa na wa kumuuliza. Wa kumuuliza ulikuwa wewe. Niliufikiria mwili wako ndani ya gari, siku zile zote, watu wakiziba pua. Asubuhi nikasema azikwe.

Mustapha aliipata habari akiwa Mbeya na ndugu wawili. Wale ndugu walitaka waendelee, wafike hata kaburini. Yeye alipanda basi la kurudi.

Tangu hapo nimekuwa nikieleza. Nimeeleza kwenye matanga, kwenye hitima, shuleni, sokoni, na kwa watu waliokuja kunipa pole wakiwa na swali moja tu tumboni: kwa nini nimekuacha kwa watu wasiotujua. Mmoja aliniuliza nilikuwa na haraka gani. Mustapha hakuuliza. Nikimwamkia, aliitikia marahaba akitazama pembeni, na akiwa na neno la kuniambia alimtuma Husna. Mtoto wako alikwenda na kurudi kati yetu, Korogwe na Kabuku, mpaka siku moja aliketi sakafuni jikoni akasema naye amechoka, tutafute mtu mwingine. Nikamwambia apumzike. Nikaacha kueleza.

Novemba hii Mustapha alikuja mwenyewe. Hakutaka kuingia ndani. Alikaa kibarazani akauliza shule zinafungwa lini. Nikamwambia. Akasema basi nitampeleka Karonga.

Nilijua anachokwenda kutazama. Alitaka kuona kama inawezekana kukufukua na kukurudisha Kabuku, na sikuwa na nguvu za kubishana naye. Tulisafiri siku mbili, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma yake. Miguu ilimvimba. Pale mpakani Kasumulu alisimama kwenye foleni na hati yake mpya ya kusafiria, ameishika kwa mikono miwili, mtu wa miaka sabini na moja ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Nilimletea maji. Akapokea.

Jacob alitupeleka makaburini mwenyewe, pamoja na Mzee Adamu. Kaburi lako limezungushiwa tofali, na majani yamepaliliwa karibuni. Hatukumwomba mtu yeyote kufanya hivyo. Akina mama wa jirani wakaja wakaniuliza kama nimekula. Mustapha alisoma dua, kisha akauliza ni nani aliyemwosha mdogo wake.

"Ni mimi," Mzee Adamu akasema. "Mimi na mwanangu. Tulimwosha taratibu. Alikuwa na kovu refu hapa begani, mwanangu akaniuliza ni la nini, nikamwambia hatulijui, tupitishe mkono polepole."

Mustapha akakaa chini, palepale kwenye udongo. Nilidhani ni miguu. Baadaye ndipo akasema, "Hilo kovu ni langu. Nilimkata na jembe tukiwa wadogo, tukamwambia mama ameanguka."

Miaka yote ile ya ndoa, wewe uliniambia mimi pia kwamba ulianguka.

Alilia, Baba Husna. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yenu. Mzee Adamu alimshika mkono hakumwambia anyamaze. Walikaa hivyo mpaka jua likatuhamisha. Tulipokuwa tunarudi kwa Jacob, Mustapha alinisubiri nimfikie njiani, akasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyetakiwa kuwa pale. Ulibeba peke yako. Mwache alale."

Katika basi la kurudi tulikaa kiti kimoja. Alilala karibu njia yote.

Nimerudi nyumbani nikalala siku mbili. Husna alikuja kunipikia, akanikuta bado sijafungua mizigo. Watu wanadhani ukishapatana na mtu unapata nguvu. Labda zitakuja. Kwa sasa nashukuru tu kwamba mlango ukibishwa siandai tena majibu. Michungwa yako imechanua na Mustapha ndiye anayeiangalia. Mimi bado nafundisha darasa la tano. Tukifika kwenye Ziwa Nyasa nawaambia watoto lina upande wa pili, kuna mji unaitwa Karonga, kuna watu wazuri. Halafu nawapa zoezi wachore, nikae kidogo.

Ulikuwa mpole kwa watu wote, hata waliokusema. Ulituonyesha dunia kwa miguu yako mwenyewe, na tulipochoka ulitungoja. Mwenyezi Mungu akupe raha hapo ulipo, na awalipe mema waliokupokea tulipokuwa mbali.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, Hamisa. Binti yako Husna na watoto wake, ambao bado wanagombania shanta lako lenye zipu mbovu. Wakwe, mashemeji na majirani wa Old Korogwe. Wenzako wa Mazinde. Jacob na Mzee Adamu wa Karonga, ambao nao sasa ni ndugu zetu. Na kaka yako Mustapha, wa Kabuku, ambaye amenisihi niandike kwamba alifika.

Tutakukumbuka kwa siku zote tulizobakiwa nazo.