Mafuta Mekundu kwa Mkate Mweupe

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa nilipoteza vitu viwili: margarine, na mdogo wangu Solange, anayeniita yaya, dada mkubwa. Margarine iliisha kwa sababu boti ya Kinshasa haijafika. Solange aliondoka kwa sababu nilisema tutatia mawese.

"Yaya, weye unauza mkate ama sombe?"

Kwetu mawese ni ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Akavua aproni. Sasa anakanda katika boulangerie ya bandarini, duka la mkate la watu wengine. Miaka tisa bega kwa bega, kwenye tanuru niliyoijenga mwenyewe bila msaada wa mutu.

Leo nimekanda peke yangu. Bila mafuta yoyote, hata mawese bado. Mchana mkate ulikuwa umeshakauka. Papa Kasereka, anayeniuzia unga, aligonga mmoja mezani, ukalia kama tofali.

"Mama Fifi, hii iko mkate ama biriki?"

Watu walicheka. Mimi hapana.

Jumanne, 4 Machi

Nimechoma mawese sufuriani mpaka wekundu ukatoka na harufu ikaisha. Gramu thelathini kwa kilo ya unga, kama margarine. Haraka. Nikayamimina kwenye donge yangali ya moto. Chachu ikafa. Donge halikuinuka hata kidogo. Kugusa sufuria na kusema "bado" ilikuwa kazi ya Solange. Nimemkasirikia hata kwa hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Mawese yaliyopoa yamegawanyika: juu majimaji, chini mazito kama siagi. Nimechota ya chini. Nimekanda kwanza mpaka donge likavutika, ndipo nikatia mafuta kidogo kidogo. Yale mazito yanashika hewa ndani. Jioni mkate bado laini. Unjano kidogo tu. Nimekula nusu, nimesimama. Hakuna wa kumwonyesha. Inaniuma kuliko biriki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita bandarini. Solange mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi. Nikampa mmoja. Akaubonyeza, ukarudi. Akaunusa.

"Margarine umeitoa wapi, yaya?"

"Iko mawese."

"Unadanganya."

Akaula wote. Akarudi ndani kukanda mkate wa watu.

Jumapili, 9 Machi

Misa. Benchi zima langu, Solange hakuja. Mvua mpaka mchana.

Nimemwandikia kwa simu: Kesho alfajiri ninakanda. Unarudi ama haurudi? Usinieleze habari za bandarini. Nijibu kabla ya saa mbili ya usiku, nijue ninapima unga wa mikono miwili ama minne.