Vidonge vya Dada

4 Machi

Mdogo wangu Kiroboto,

Hujambo? Na Mama, miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, ni mgongo tu wa kuinamia cherehani.

Wamenikubali kwenye ule utafiti wa hospitali. Ugonjwa wetu una jina, endometriosisi: nyama ya ndani ya mji wa mimba inaota nje ya mahali pake. Si uvivu, si kudeka! Wanajaribu dawa ya maumivu, na kila jioni nawaandikia nimeumia kiasi gani, sifuri hadi kumi.

Nasikia mwalimu mkuu amekuonya kwamba ukikosa darasa tena, kazi huna. Vidonge hivi ni vyako. Usiwe na wasiwasi, wananipa vya kututosha wawili.

Dada yako

20 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Miguu imepungua, mdomo bado.

Dada, sikukosa hata siku moja! Siku zangu zilipoingia nilijikunyata kitandani kuyangojea maumivu, nikangoja weee, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi niliruka kamba na watoto wangu wa chekechea, mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe una miguu!" Nikaenda kulia chooni. Nitumie vingine. Wewe je, umepona?

Mdogo wako, Kiroboto

2 Juni

Kiroboto,

Salamu tele kwako na kwa Mama. Barua yako imenifurahisha mpaka nimeshona mkono wa gauni la mteja kiunoni. Vingine hivi hapa. Mimi naendelea. Acha maswali, ruka kamba.

Dada yako

15 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Mimi roho yangu haijatulia.

Vidonge haviji tena. Utafiti umekwisha, na wanaoendelea kupewa dawa ni wale iliowasaidia. Wenzangu wengine walikuwa wakipewa vidonge vitupu vya kulinganishia. Mimi nilipewa dawa yenyewe. Lakini kila jioni niliandika nane, tisa, maana ndivyo nilivyoumia, na niliona haya kuwadanganya. Daktari amenionea huruma, akasema mwili wangu umeikataa dawa. Ningemwambiaje kwamba sijameza hata kimoja? Vyote nilikutumia wewe. Nimetufungia mlango sote wawili. Nisamehe.

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, sijamwambia kitu.

Nilikukasirikia, sikufichi. Siku zangu zilipoingia nilianguka darasani, watoto wakadhani nacheza, wakanipanda mgongoni. Mwalimu mkuu amenipa barua ya kuachishwa kazi.

Barua yako ilinikuta nimebakiza viwili. Sikuvimeza. Nilikumbuka kuwa wewe hata hujui ulichokuwa unanipa. Ni hivi: unameza, unangojea, halafu unashtuka kumbe ulikuwa unawaza mambo mengine kabisa.

Nimevifunga humu kwenye kitambaa. Nenda kwa daktari ukamweleze yote, hata akifoka. Ila siku zako zikiingia, funika cherehani, umeze, ulale. Usithubutu kunirudishia.

Mdogo wako, Kiroboto