Samaki wa Chupa Mpya

Dada yangu,

Huku tunasukuma siku, ila mama tumbo linamsumbua, nitakueleza. Yule samaki wa sanamu niliyemuunda kwa chupa za plastiki za mtaroni, nilizosugua mpaka mikono ikachubuka, wafadhili wa hafla ya mazingira walisema bado ananuka. Wakaleta chupa mpya kutoka kiwandani, eti nizipake tope kidogo zifanane na taka. Nilikataa, wakampa fundi mwingine. Siku ya hafla walihubiri matumaini ya mazingira kando ya mtaro wetu huku wamebana pua.

Hafla ilipoisha, samaki wao alibomolewa, akatupwa mtaroni nyuma ya nyumba yetu. Mvua ikanyesha, mtaro ukaziba, maji machafu yakaingia chumbani kwa mama pamoja na zile chupa, ndipo tumbo likaanza kumsumbua. Anasema nikuambie matumaini yamefika. Yanaelea chini ya kitanda chake.

Ni mimi mdogo wako, ninayenuka mtaro.